Mgeni jukwaani: niliyoyapitia nikitafuta msaada wa kumuuguza mama

Daktari alipothibitisha kwamba mama ana ugonjwa wa Alzheimer, tulitoka kliniki na karatasi ya dawa, tarehe ya kurudi, na maswali mengi ambayo muda wa kuonana na daktari haukutosha kuyauliza. Daktari anaweza kukueleza ugonjwa ulivyo na dawa inavyofanya kazi, lakini hana nafasi ya kukaa nawe akueleze ufanye nini mama anapokataa kuoga siku ya tatu mfululizo, au anaposimama mlangoni jioni akisisitiza kwamba anataka kwenda kwao ilhali yuko kwao. Mambo hayo wanayajua wale wanaoyaishi, na mimi niliwakuta katika jukwaa la majadiliano la mtandaoni linalowakutanisha watu wanaouguza wazazi na wenzi wao wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Sikuwa nimewahi kujiunga na jukwaa la aina hiyo. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu atakayeingia katika hali niliyoingia nayo mimi, yaani amechoka, ana haraka, hajui taratibu za mahali pale, na anahitaji jibu usiku uleule.

Kinachomchanganya mgeni kwanza ni mpangilio. Tumezoea makundi ya WhatsApp, ambako ujumbe hupita na baada ya siku mbili hakuna anayeurejea, kwa hiyo mtu akiingia jukwaani hudhani kwamba kilichopo ukurasa wa mbele ndicho kinachozungumzwa sasa, na kwamba kisichopo hapo kimekwisha. Jukwaa halifanyi kazi hivyo. Limegawanywa katika kumbi, kila ukumbi una nyuzi zake, na kila uzi ni mazungumzo yanayoanza na bandiko la mtu mmoja na kufuatiwa na majibu ya wengine, na vyote hivyo hubaki. Uzi wa miaka 10 iliyopita unaweza kupanda juu kabisa asubuhi ya leo kwa sababu tu mtu mmoja ameandika neno la kushukuru. Ndiyo maana nawasihi wageni watazame tarehe mbili kabla ya kusoma uzi wowote: tarehe ya bandiko la kwanza na tarehe ya bandiko la mwisho. Nilimwona mchangiaji mmoja mpya akimwandikia mwanzisha uzi maneno mazuri ya faraja na kumuuliza hali ya mumewe, wakati uzi ule ulikuwa wa zamani na katikati yake mwenyewe alikwisha kueleza kwamba mume amefariki. Wenyeji walimjibu kwa upole mkubwa, lakini nilihisi uchungu kwa ajili ya wote wawili.

Juu ya kila ukumbi huwa kuna nyuzi chache ambazo wasimamizi wamezibandika zisishuke. Wageni wengi huziruka kwa sababu zinaonekana kama matangazo, nami nakiri kwamba zina sura ya kuchosha. Hata hivyo, katika jukwaa letu ndimo mlimokuwa maelezo ya maneno ambayo wenyeji huyatumia bila kuyafafanua, orodha ya dalili zinazotaka daktari mara moja, na uzi mrefu wa namna ya kumwogesha mtu anayeogopa maji, ambao ulinisaidia kuliko kitu chochote nilichokisoma mwezi ule.

Desturi ya kumtaka mgeni asome kwanza ina historia ndefu. Usenet, mfumo wa majadiliano kwa njia ya kompyuta, ulibuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, ukaanza kutumika mwaka 1980. Kila Septemba wanafunzi wapya waliingia vyuoni, wakapata akaunti, wakamwagika ndani ya majadiliano bila kujua taratibu, na wenyeji walitumia wiki kadhaa kuwaelekeza. Mwaka 1995 ulitolewa waraka wa adabu za mtandaoni unaojulikana kama RFC 1855, ulioandikwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel, na ndani yake mgeni anashauriwa asome kwa mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuandika chochote. Ushauri huo una hekima, lakini naona haumfai mtu mwenye mgonjwa ndani ya nyumba. Mwezi mmoja ni muda mrefu mno kwa mtu ambaye hajalala. Jioni mbili au tatu za kusoma kwa makini zinatosha, mradi usome vitu vinavyofaa: nyuzi zilizobandikwa juu, nyuzi za zamani za wachangiaji wawili watatu ambao majina yao unayaona kila mahali, na walau uzi mmoja uliofungwa na wasimamizi. Huo wa mwisho usiudharau. Kanuni zilizoandikwa hukwambia kilichokatazwa, lakini uzi uliofungwa hukuonyesha mazungumzo yaligeuka wapi kuwa ugomvi, nani alijaribu kuyatuliza, na msimamizi alivumilia hadi wapi.

Kujiandikisha kwenyewe ni jambo jepesi. Unaweka barua pepe, unachagua jina na nenosiri, kisha unabofya kiungo cha kuthibitisha ambacho mara nyingine huangukia katika folda ya barua taka. Kinachofuata ndicho kinachowavunja moyo wengi. Nilipotuma bandiko langu la kwanza halikuonekana. Nilifungua ukurasa tena na tena, nikahisi kama mtu aliyebisha hodi akasikilizwa na kuachwa nje, na sioni aibu kusema kwamba nililia, kwa sababu nilikuwa nimetumia nguvu zangu zote za siku ile kuyaandika mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Kumbe majukwaa mengi huyashikilia mabandiko ya akaunti mpya hadi msimamizi ayapitie, ili kuzuia matangazo na utapeli. Wasimamizi wengi hufanya kazi hiyo kwa kujitolea na wao pia hulala. Bandiko langu lilionekana asubuhi.

Vizuizi vingine vya akaunti mpya vimo ndani ya programu yenyewe. Programu ya Discourse, ambayo majukwaa mengi huitumia, huwapanga watumiaji katika ngazi za uaminifu kuanzia 0 hadi 4. Kwa mipangilio yake ya kawaida, mgeni wa ngazi ya 0 hawezi kuanzisha ujumbe wa faragha, na viungo na picha anazoweza kuweka ni chache. Ili apande ngazi ya 1 anatakiwa awe amefungua nyuzi 5, amesoma mabandiko 30, na ametumia jumla ya dakika 10 katika kusoma. Nayataja haya kwa sababu mgeni anapokatazwa kutuma picha ya karatasi ya dawa, hudhani amekosea au ameadhibiwa. Hajaadhibiwa. Akisoma kidogo, mlango unafunguka wenyewe.

Kuhusu jina nina msimamo mkali. Anayeuguza anapoandika jukwaani anatoa siri za mtu mwingine, mtu ambaye hawezi tena kuulizwa kama anakubali. Mama yangu alikuwa msiri sana maisha yake yote. Nilichagua jina lisilofanana na jina langu wala la ukoo, sikutumia lile ninalolitumia katika mitandao mingine, na picha ya wasifu niliiacha tupu. Kumbi nyingi ziko wazi kwa kila mtu, na injini za utafutaji huzisoma, hivyo jirani au mwajiri anaweza kukutana na maneno yako bila kuyatafuta. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake taarifa za mahali ilipopigiwa. Tena usitegemee kufuta baadaye, kwa kuwa majukwaa mengi hukuruhusu kuhariri kwa muda fulani tu, na mtu akishakunukuu, maneno yako hukaa ndani ya bandiko lake hata ukiyaondoa ya kwako. Kabla ya kutuma chochote nilijiuliza kama mama wa zamani, mwenye akili zake timamu, angekubali kisomwe. Yako mambo ambayo kwa sababu hiyo sikuyaandika kamwe, na msaada nilioukosa kwa kutoyaandika nimeukubali kuwa ni gharama ya kumheshimu.

Kutafuta ndani ya jukwaa kulinipa taabu kwa muda. Nilikuwa naandika jina la ugonjwa katika kisanduku cha kutafutia, na kwa kuwa jukwaa zima linahusu ugonjwa huohuo, nilikuwa napata karibu kila kitu kilichomo. Mambo yalibadilika nilipoanza kuandika tendo lenyewe kwa maneno ambayo mtu aliyechoka angeyatumia: anataka kwenda kwao, anaficha pesa, anakataa dawa, hanitambui. Ndivyo watu wanavyoandika usiku wa manane, na ndivyo nyuzi zao zinavyopatikana. Kisanduku cha jukwaa kikishindwa, fungua Google, andika site: ikifuatiwa na anwani ya jukwaa bila kuacha nafasi, kisha maneno yako, hapo utaletewa matokeo ya jukwaa hilo peke yake. Nusu ya maswali niliyokuwa nimeyakusanya kwenye daftari niliyafuta kwa njia hiyo bila kumsumbua mtu.

Kisha ukaja usiku ambao hakuna uzi wa zamani uliotosha. Mama, ambaye alikuwa akipungua polepole kwa miezi, alibadilika ndani ya siku mbili. Hakulala, alizungumza na watu wasiokuwepo, akanisukuma nilipotaka kumfunika. Nilikuwa tayari nimesoma nyuzi nyingi zenye vichwa kama «Naombeni msaada haraka» na «Nimechoka jamani», nikaona jinsi zinavyopata faraja nyingi na maelekezo machache, kwa sababu mwenye ujuzi wa jambo fulani hana njia ya kujua kwamba uzi ule unamhusu. Kwa hiyo kichwa changu kilisema hivi: «Mama, miaka 78, Alzheimer: amechanganyikiwa ghafla ndani ya siku mbili, anaona watu wasiokuwepo». Chini yake niliandika dawa anazotumia na vipimo vyake, hali ilianza lini, kilichobadilika wiki ile, nilichokwisha kujaribu, na swali moja tu: je, huku ni kuendelea kwa ugonjwa au ni jambo jingine?

Jibu la kwanza lilikuwa maswali matatu. Ana homa? Anakwenda haja ndogo mara nyingi kuliko kawaida, au analalamika maumivu? Anakunywa maji ya kutosha? Mchangiaji yule alieleza kwamba ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida hausogei kwa kasi ile, na kwamba mzee anapochanganyikiwa ghafla mara nyingi kuna sababu nyingine mwilini, kama maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya, kwa hiyo asisubiri tarehe ya kliniki, apelekwe kupimwa. Alfajiri tuliondoka. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo, yakatibiwa, na baada ya siku kadhaa mama alirudi pale alipokuwa kabla. Nikilitazama tena bandiko langu, naona wazi kwamba neno lililomvuta mtu yule lilikuwa «ghafla», ambalo lilikuwa katika kichwa cha uzi. Lingekuwa limezikwa katika aya ya nne, huenda asingelifikia.

Katika uzi uleule kuna jambo jingine ambalo ningependa lisomwe kwa utulivu. Mchangiaji mmoja, kwa nia njema kabisa, alishauri nimpe mama dawa ya mzio inayoleta usingizi, ile inayouzwa bila cheti cha daktari, na jibu lake lilipendwa na watu wengi kwa sababu kila aliyesoma anajua kiu ya kulala usiku mmoja tu. Majibu kadhaa chini yake, mtu mwingine aliandika pingamizi refu ambalo karibu hakuna aliyelibofya. Alieleza kwamba dawa za mzio za kizazi cha kwanza, kama difenhidramini, huzuia kazi ya asetilikolini, kemikali inayopitisha ujumbe katika ubongo na ambayo tayari imepungua kwa mwenye Alzheimer, ilhali donepezili aliyokuwa akitumia mama hufanya kazi kwa kuizuia kemikali hiyohiyo isivunjwe upesi. Maana yake ningekuwa namnywesha dawa mbili zinazovutana, na kuchanganyikiwa kungeweza kuzidi. Nilimpelekea daktari maelezo yale, naye akayathibitisha na kunikataza.

Idadi ya waliopenda jibu hupima jinsi jibu lilivyowagusa watu, na kuguswa si ushahidi wa usahihi. Tangu usiku ule nausoma uzi hadi bandiko la mwisho kabla ya kufanya lolote. Namtafuta aliyepinga na sababu aliyoitoa, nafungua mabandiko ya zamani ya anayeshauri ili nijue ameuguza kwa muda gani na huandika kwa namna gani, na kila kinachohusu dawa nakipeleka kwa daktari au mfamasia kwanza. Anayesema «kwetu ilikuwa hivi» namwamini zaidi kuliko anayesema «fanya hivi».

Nilipoanza kuonekana jukwaani, ujumbe wa faragha ulianza kuja. Mwingi ulikuwa wa heri. Mmoja ulitoka kwa mtu aliyejitambulisha kama mtoto wa mgonjwa aliyepona, akinitaka tuhamie katika simu ili anielekeze kwa muuzaji wa tiba ambayo, kwa maneno yake, hospitali hazitaki ijulikane. Hakuna dawa inayoponya Alzheimer kwa sasa. Zilizopo huweza kusaidia dalili au kupunguza kasi yake kwa baadhi ya wagonjwa. Nililijua hilo, na bado niliusoma ujumbe ule zaidi ya mara moja, kwa kuwa matumaini hayasikilizi ujuzi. Mtu mwenye ushauri wa kweli hana sababu ya kukwepa kuusema mbele ya wengine wanaoweza kuupima, na huo ndio ukawa mpaka wangu: nilimwomba auandike kwenye uzi. Hakujibu. Nilibofya kitufe cha kuripoti, na wasimamizi wakaifunga akaunti ile. Ripoti bila kusita, kwa kuwa aliyekuandikia wewe amewaandikia wengine pia, na miongoni mwao yumo ambaye hajalala siku nyingi kuliko wewe.

Yako majibu yaliyoniumiza. Mmoja aliniandikia kwa mstari mmoja kwamba sifai kumuuguza mama na nimpeleke kwenye makao ya wazee. Nilifunga kompyuta nikatembea nje. Niliporudi nilisoma mabandiko yake mengine nikakuta anauguza mume na mama mkwe kwa pamoja, na kwamba alikuwa akijibu katikati ya usiku wa kwake. Maandishi hayana uso wala sauti, na wachangiaji wanatoka sehemu za dunia zenye saa tofauti, hivyo huwezi kujua mtu amekujibu akiwa katika hali gani. Sikumjibu siku ile. Siku iliyofuata nilimwandikia kwamba nimesikia hofu yake juu ya afya yangu, nikaeleza ni nani tunasaidiana naye nyumbani, na mazungumzo yetu yaliyofuata yakawa ya msaada mkubwa.

Ukimya ni mgumu zaidi kuliko ukali. Nina uzi uliofunguliwa na watu wengi na haukupata hata jibu moja. Mtafiti Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 ya watu husoma tu, asilimia 9 huchangia mara chache, na asilimia 1 ndio huandika sehemu kubwa ya yote. Kwa hiyo wanaokusoma wapo, lakini wanaojibu ni wachache na wamebeba mengi. Usifungue uzi wa pili wenye swali lilelile. Hilo huwakera wenyeji na kuligawa jibu. Subiri siku nzima, kisha rudi katika uzi wako uongeze taarifa mpya, kwa mfano kilichotokea tangu ulipouliza, na uzi utapanda tena ukiwa na kitu cha ziada cha kushika.

Gharama kubwa niliyoilipa ilikuwa ya usiku. Katika wiki za mwanzo nilisoma nyuzi za watu ambao wagonjwa wao wamefika hatua za mwisho, wakati mama yangu bado alikuwa akiimba na kujifunga kanga mwenyewe, na kwa muda nilikuwa nikimtazama kama mtu anayekwenda badala ya mtu aliyepo. Ningemshauri mgeni asome hatua aliyopo mgonjwa wake na moja inayofuata, basi. Zima arifa za simu, bakiza zile za uzi wako tu, na uwe na saa maalumu ya kuingia na ya kutoka.

Mama alipopata nafuu nilirudi katika uzi wangu nikaandika kilichogunduliwa, matibabu aliyopewa, na siku zilizopita kabla ya kutulia, nikamwomba msimamizi aongeze maneno «maambukizi ya mkojo» katika kichwa ili wanaotafuta waupate. Siku hizi, ninapoona jina jipya limeandika «Naombeni msaada haraka», namkaribisha kwanza, kisha namuuliza mambo matatu: hali hii ilianza lini, mgonjwa anatumia dawa gani, na wewe uko na nani hapo nyumbani usiku huu.